Ulikula Nini Jana?

4 Februari

Mpwa wangu, pambo la ukoo,

Salamu ni nyingi, nyingine nimeziacha nje maana bahasha imekataa kufunga. Sisi huku wazima. Mke wangu Chuma ni mzima kupita kiasi. Juzi kabeba gunia la mkaa kutoka barabarani, mimi niko nyuma yake namhimiza. Jirani fundi redio akauliza kwa nini simpokei. Nikamwambia mwenye nguvu hapokewi, anasindikizwa. Cherehani yake inalia kutwa, anashona mashuka ya hospitali, na kanituma nikwambie ule vizuri na usitoke nje kwenye baridi na nywele mbichi. Nywele na baridi zinajuana wapi mimi sijui, ila mjumbe hauawi.

Unauliza kwa nini nakuandikia karatasi na simu ninayo. Kwanza, mwandiko. Shule niliiacha darasa la sita, lakini mwandiko niliondoka nao. Pili, simu yangu imekufa sauti ya sikioni, imebaki ile ya nje. Nikiongea na wewe, mtaa mzima unaitikia. Barua inakaa siku nane kwenye basi, lakini inafika bila wasikilizaji.

Sasa habari yenyewe. Unajua miaka thelathini na moja nilisukuma wagonjwa hadi wakaniita Injini, na mwaka jana vilipokuja vile vitanda vinavyojiendesha wakaniaga kwa soda na saa ya ukutani. Basi wamenirudia, na kwa adabu. Vitanda vimewashinda. Kimoja kilisimama mbele ya pazia la wodi ya wazazi dakika arobaini, kikidhani pazia ni ukuta. Kingine kilimchukua mzee wa nyonga kikampeleka jikoni. Mhandisi wao, mama mmoja wa miwani, akaniambia, "Mzee, tunataka vijifunze kwako." Mimi nikamuuliza, "Mmeleta ada?"

Hivyo sasa ni mwalimu. Navaa mkanda wenye macho kiunoni, nasukuma kitanda, na mashine inaandika kila hatua yangu. Kona ya chumba cha eksirei, unaikumbuka, kuna kigae kilichopasuka. Pale huwa napunguza mwendo, maana mtu wa mfupa uliovunjika ukimrusha pale utamsikia hadi lango kuu. Mhandisi kile kigae hakukijua. Kwenye ramani yake hakipo. Wiki ya pili kitanda chenyewe, bila mimi, kilipofika pale kikapunguza mwendo. Niliona haya kidogo, kama mtu aliyeigizwa anavyotembea.

Kitu kimoja tu hawajaweza kukichukua. Unajua nikimpeleka mtu chumba cha upasuaji humuuliza, "Ulikula nini jana?" Namuuliza ya jana kwa sababu leo hajala. Mtu akianza kufikiria chakula hana nafasi ya kufikiria visu. Mhandisi akasema mashine itafundishwa kuuliza. Nikamjibu, kuuliza itaweza. Je, ikiambiwa "uji mtupu", itasikitika?

Kifurushi chako kimefika. Kibandiko cha kifuani, kisanduku cha kuweka karibu na kitanda, na wewe huko uliko unausoma moyo kama gazeti. Kimeshabandikwa. Usisome sana, kuna kurasa za ujana humo.

Mjomba wako, Mwalimu Injini


21 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo, na kwa Mama Chuma shikamoo nyingine ndefu zaidi. Mwambie nakula, na nywele nimekata.

Hongera ya ualimu. Nimewasomea wenzangu habari ya kitanda na pazia, wamecheka hadi msimamizi akatoka ofisini. Hii kazi yetu haina kicheko kingi. Uliniomba zamani nikueleze, nikakwepa kwa sababu kila nikieleza watu hudhani nafanya kazi benki. Ni ukumbi mkubwa, viti kumi na viwili, vioo mezani, zulia. Hakuna kitanda hata kimoja. Wagonjwa wetu wako majumbani kwao, mia nne kila zamu, wengine wanapika, wengine wanagombana na watoto, na mioyo yao inapita mbele yetu kama mistari. Mashine ndiyo inayoisoma yote kwa pamoja. Ikiona jambo inatuita, na sisi ndio tunaamua kama ni jambo. Mara nyingi ni mtu kapanda ngazi.

Nilichagua kazi hii unajua kwa nini. Mama alilala mchana akiwa mzima na hakuna aliyesikia.

Sasa moyo wako. Ni mzuri, Mjomba, hadi unatia shaka. Ukiwa umelala, mapigo hamsini na nne, kama ya mkimbiaji. Mashine imeuliza mara mbili kama umri wa miaka sitini na sita haukuandikwa kimakosa. Ila kuna kitu sikielewi. Kila siku kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita moyo unapanda kidogo na kukaa palepale, mwendo mmoja, kama wa mtu anayekanyaga kitu. Unafanya nini saa hizo?

Na je, ulikwenda kupimwa kwa daktari kama tulivyokubaliana? Bibi alikwenda kwa moyo, Mama naye kwa moyo. Wewe ndiye wa tatu wa damu ile. Nimeuliza barua tatu sasa.

Mpwa wako


9 Machi

Mpwa wangu mwenye macho makali,

Salamu zako zimefika, ile shikamoo ndefu nimeikabidhi nzima nzima. Chuma anasema nywele ungeziacha.

Hamsini na nne! Nimeitangaza kuanzia kwa fundi redio hadi kwa kinyozi. Kinyozi anasema yake ni themanini na anajiona bingwa. Nikamwambia hizo ni namba za bata.

Saa tatu hadi saa sita naendesha baiskeli. Mazoezi. Mtu wa mwili kama wangu asipoendesha baiskeli anaionea dunia.

Hospitali ya siku hizi ungeiona ungecheka na kulia. Damu inakuja kwa kindege kisicho na rubani, kinatua juu ya paa la stoo. Siku ya kwanza mlinzi alikimbia, siku ya pili akakirushia jiwe, sasa anakisalimia. Kuna mashine inasoma picha za eksirei. Juzi imeona uvimbe wa ukubwa wa dengu kwenye pafu la mwalimu mmoja, madaktari watatu walikuwa wameupita, na mwalimu kawahiwa. Siku hiyohiyo ikasema kifungo cha shati la mtu ni jiwe. Ndiyo maana naipenda, inafanana na mimi, ikipatia inapatia, ikikosea inakosea kwa sauti.

Na kuna Daktari wa Kioo. Huyu ni bingwa wa moyo, anakaa huko kwenye mji wenu mkubwa, huku tunamwona kwenye kioo kwenye chumba cha upasuaji. Daktari wetu ndiye mwenye mikono, yeye ndiye mwenye kuona. Wagonjwa wa mwanzo walikataa. Bibi mmoja alisema hawezi kuvuliwa nguo mbele ya televisheni. Nikamwambia, "Bibi, mimi nimeona watu elfu arobaini wakiwa uchi, hakuna mmoja ninayemkumbuka." Akacheka, akakubali.

Basi, karatasi imekwisha.

Injini


30 Aprili

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Nimechelewa kuandika, na barua hii nimeianza mara nne, kwa hiyo ikisomeka vibaya nivumilie.

Mwezi huu mashine imeniita mara sita kwa ajili ya kisanduku chako. Mioyo huwa inapumzika kidogo kati ya pigo na pigo. Huu umeanza kupumzika sana. Alfajiri, mwenyewe akiwa usingizini, unasimama sekunde mbili, juzi ukasimama sekunde nne, kisha unaondoka tena kama mtu aliyesahau alichokuwa anasema. Ile hamsini na nne tuliyoshangilia haikuwa ya mkimbiaji. Ulikuwa unachoka.

Juzi hiyo nilikupigia simu. Uliniambia uko juu ya paa unapiga misumari, na nyundo niliisikia. Wakati huohuo mstari mbele yangu ulionyesha mtu amelala chali, anapumzika, mapigo arobaini na moja. Nilitaka kusema, nikasikia jirani anaitikia salamu yangu kwenye simu yako, nikasikia na Mama Chuma anacheka huko ndani ya nyumba. Nikaaga, nikakata simu.

Mjomba, sikuulizi kifua ni cha nani. Mwenye kifua hicho aende hospitali. Hali si ya kukimbizana leo, lakini si ya kungoja mwezi. Aache kubeba vizito, asioge peke yake kwa kufunga mlango, na akisikia kizunguzungu akae chini hapohapo alipo. Ugonjwa huu una tiba, na ni tiba nzuri. Tukiwahi.

Huku kuna kanuni kwamba hatusomi moyo wa ndugu. Nilipoomba kisanduku sikusema kama ni chako. Leo asubuhi nimemwambia msimamizi ukweli. Nawe ukipenda, niambie wako.

Mpwa wako


14 Mei

Mwanangu,

Barua yako ilifika tarehe nane. Nimekaa nayo mfukoni siku sita. Nimeisoma chooni, nimeisoma kwenye benchi la eksirei, nimekiacha kitanda kijiendeshe nikakaa pembeni nikaisoma tena. Leo sina mzaha, ule niliokuwa nao nimeutumia wote kwa watu.

Kibandiko anacho Chuma.

Kilipofika nilikishika mkononi nikajiona kama mtu anayeitwa mbele ya darasa. Bibi yako, kisha mama yako, kisha mimi, kama ulivyosema. Nikaona, nikikibandika kitasema. Na kikishasema hakuna pa kujificha. Chuma hana undugu wa damu na sisi, na tangu nimuoe sijamwona akilala mchana. Nikamwambia, "Hebu mpelekee mtoto habari njema kwa niaba yangu." Akacheka, akafungua kifungo. Tulidhani tunakutania. Ile baiskeli yangu ni cherehani yake.

Nilipomaliza siku sita nilimwita ndani nikamsomea barua. Nikamuuliza, "Unasikia kizunguzungu?" Akakunja kitambaa alichokuwa nacho, akakikunja tena, kisha akasema, "Asubuhi huwa nashika ukuta kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje?" akaniambia. "Umeniita Chuma miaka arobaini. Nitaugua saa ngapi?"

Nikatoka nje. Fundi redio aliniona, akazima redio yake.

Ngoja nimalizie, maana nikisimama hapa sitaanza tena. Siku ile ya mama yako mimi ndiye niliyesukuma. Hili unalijua. Usilolijua ni kwamba alipofika getini alikuwa bado amefumbua macho. Nikakimbia naye kama sijawahi kukimbia, pale kwenye kigae sikupunguza, nikamwambia, "Dada, ulikula nini jana?" Alinitazama kama anafikiria. Nikamuuliza tena. Hadi tunafika mlangoni nilikuwa bado namuuliza. Nimewauliza maelfu tangu hapo, na kila mara nasubiri jibu. Ndiyo sababu nakiogopa kibandiko chako. Moyo ukiulizwa unaweza usijibu.

Niambie tufanye nini na Chuma. Nitafanya hata ukisema nimbebe mgongoni hadi huko.

Mjomba


25 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimelia kidogo, nimenawa, sasa naandika.

Kwanza Mama Chuma. Daktari wenu ameshapokea mistari yote ya miezi mitatu, amempigia Daktari wa Kioo, na Daktari wa Kioo, Mjomba, anakaa ghorofa ya juu ya ukumbi wetu. Hapa tunamwita Mpanda Ngazi kwa sababu lifti anaiogopa. Tarehe kumi na saba Juni Mama Chuma atawekewa kifaa cha moyo, kidogo kama kidonge kikubwa. Hawapasui kifua. Kinapita kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo, kinajishika pale, na kila moyo ukitaka kusahau kinaukumbusha. Atakuwa macho, ataongea. Betri inakaa miaka mingi. Mpaka siku hiyo alazwe wodini, asikae nyumbani, na cherehani ipumzike. Akikataa mwambie nimesema mimi.

Pili, nami niungame. Nilijua tangu wiki ya kwanza. Mlinilea ndani ya mlio wa cherehani ile, nililala chini ya meza yake hadi nilipoanza shule. Ule mstari wa saa tatu hadi saa sita nilipouona niliusikia masikioni. Ningepaswa kusema siku ileile. Sikusema kwa sababu huku ni mbali, na kila asubuhi nilikuwa nafungua kioo nakaa naye saa tatu nzima bila mtu kujua. Ile mara ya kwanza uliposimama sekunde mbili nilijiambia ni mashine. Mashine haikuwa imekosea. Sote wawili tulimficha, Mjomba, kila mtu kwa njia yake, naye akajificha kwa ajili yetu.

Tatu, Mama. Nimesoma mistari ile ya barua yako mara nyingi kuliko yote. Daktari aliniambia zamani, nilipokuwa mwanafunzi, kwamba kwa tatizo lile hata angefika mapema kwa saa moja isingesaidia. Sikukwambia, nilidhani unajua. Kumbe ulikuwa unasukuma bado.

Nimefurahi kwamba mtu wa mwisho kuongea naye alikuwa anamuuliza habari za chakula.

Mpwa wako


20 Juni

Mpwa wangu, daktari wa mistari,

Salamu kwako, kwa msimamizi wako, na kwa Mpanda Ngazi. Mwambie lifti haiumi, mimi nimepanda za miji saba.

Najua ulikuwepo. Niliona kwenye kioo, nyuma ya bega lake, mkono umeshika kikombe kwa vidole viwili. Kikombe kinashikwa hivyo na mtu mmoja tu duniani. Lakini ulichokiona wewe kilianzia mlangoni mwa chumba. Acha nikupe cha kabla ya hapo.

Walimlaza kwenye kile kitanda changu, mwanafunzi wangu namba moja. Mhandisi wa miwani akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hiki hakihitaji kusukumwa." Nikamwambia, "Sikisukumi. Nimemshika mke wangu mkono, na yeye ndiye yuko juu ya kitanda." Akanipisha.

Tukaondoka. Korido nzima watu wa kazi walijifanya wana shughuli pale, wafagiaji, wauguzi, mlinzi wa kindege. Chuma ametazama dari. Mkono wake ulikuwa wa baridi, nao haujawahi kuwa wa baridi. Nikajua zamu yangu ya kuuliza imefika, na ulimi ukawa mzito kama wa mtu aliyeng'olewa jino.

Tulipokaribia kona ya eksirei, kitanda kikapunguza mwendo. Sasa sikia. Kile kigae kimetengenezwa tangu mwezi wa nne. Hapana ufa, hapana kitu, sakafu inang'aa kama sahani. Lakini kitanda kikapunguza, polepole, kikapita pale kwa adabu kama kuna mtu amelala. Hakuna aliyekiambia. Kilinifuata mimi. Nikaona mwendo wangu mwenyewe ukimbeba mke wangu, nami nikiwa sina ninachofanya ila kutembea kando.

Hapo nikapata sauti. Nikamwambia, "Mama, ulikula nini jana?"

Hatua tatu, nne. Nilizihesabu.

Kisha akageuza kichwa akanitazama. "Si ulipika wewe ukaniletea? Wali ulikuwa mbichi kama mchele wa dukani. Nilikula kwa sababu ya ndoa."

Mlinzi alicheka hadi akaegemea ukuta. Mimi nililia mbele ya wafanyakazi wenzangu wote, na kesho yake nimewaambia ilikuwa dawa ya kupigia deki.

Mengine unayajua. Leo ni siku ya tatu, amerudi nyumbani, ana rangi, ameshaniita mvivu mara mbili. Cherehani nimeifunika shuka, na nimeondoa mkanda wake nikauficha, asipate kukanyaga kwa siri. Ameniambia nisimwite Chuma tena mpaka apone. Nikamuuliza nimwiteje. Akasema jaribu jina langu. Mpwa wangu, nimejaribu. Baada ya miaka arobaini liligoma kutoka kama mlango uliovimba kwa mvua, lakini lilitoka.

Kile kibandiko cha akiba ulichotuma nimekibandika leo asubuhi. Kwangu. Yeye ndiye aliyenishikia kioo, akanyoa nywele tatu nilizo nazo kifuani, akabonyeza kwa kiganja akakaa hivyo kidogo. Kisanduku kiko upande wangu wa kitanda. Safari hii hakuna baiskeli.

Soma, mama. Nipo.

Mjomba wako


8 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo, na kwa Mama, kwa jina lake.

Nimesoma siku kumi kwa ruhusa ya msimamizi, mwenzangu naye amesoma kivyake bila kujua ni wa nani, na tumekubaliana. Hitilafu ipo, ile ya Bibi na ya Mama. Kwako bado ni changa, Mjomba, changa kabisa. Imekutwa ikiwa haijafika pale ilipowafikisha wao, maana safari hii kuna mtu alikuwa anasikiliza. Zitaanza dawa, na tarehe ishirini na mbili daktari wenu ataingia kwa mshipa aangalie kwa karibu, Mpanda Ngazi akiwa kwenye kioo.

Mimi sitakuwa kwenye kioo. Nimeomba likizo, nimekata tiketi ya basi, nafika tarehe ishirini. Mhandisi wa miwani nimeshaongea naye, amesema kitanda namba moja kitakuwa chako, na kwamba kando yake pana nafasi ya mtu mmoja wa kutembea.

Kwa hiyo tarehe ishirini na moja jioni ule kitu cha maana, usipike wewe. Kesho yake, tukifika kwenye kona ya eksirei, nitakuuliza. Nami nitangoja jibu.

Mpwa wako